Mama Zuhura Hakujua Kupima

Juzi, langoni pa hospitali, niliona sufuria iliyofungwa kwa kitenge, ikinukia mawese na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Nikamkumbuka Mama Zuhura, jirani yetu wa zamani mtaani Musaga. Wakati huo nilikuwa mtoto, na Baba alikuwa amelazwa, risasi imemwingia mguuni. Mama alikuwa huko akimuuguza, sisi watoto tumebaki nyumbani. Kila mchana Mama Zuhura alituletea chakula.

"Nimekosea tena, nimepika mingi. Munisaidie kumaliza."

Niliamini kweli hajui kupima. Siku moja nikamwonea huruma, nikamwambia, "Mama, utafute sufuria ndogo."

Hakucheka. "Ni kweli, mutoto wangu."

Kesho yake alikuja na sufuria ndogo. Akatupakulia, akarudi kwake, akaja nayo tena imejaa.