Anayebana Pumzi Ili Shimo Liseme Kweli

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, upepo haujaamka. Mwanamke wa miaka arobaini na minane amepiga goti kando ya bomba la chuma lililochomoza ardhini. Anashusha ndani mpira mwembamba wa kipimo cha gesi, anarudi nyuma hatua nne, anabana pumzi. Kipimo kinalia. Anaandika. Ndipo anapumua.

"Ukipumua karibu umeharibu," anasema. "Pumzi yako ina gesi ileile unayoitafuta. Kipimo hakijui kama ni wewe au ni shimo."

Mita mia sita chini ya miguu yake kuna makaa ya mawe ambayo hayakuwahi kuchimbwa. Kampuni inataka kuyashindilia hewa ukaa, ile ya moshi wa viwanda, ikae humo isirudi angani. Kwa miaka miwili wamejaribu kidogo kidogo. Yeye anapima kama inavuja.

"Makaa yakiinywa hiyo gesi yanavimba," anaeleza, huku akikunja ngumi. "Yakivimba, nyufa zinaziba. Gesi ikikosa pa kukaa inatafuta mlango. Mlango ndiyo haya mashimo ya zamani."

Yako arobaini na moja, yalichorongwa na watafiti enzi za mgodi. Anayazungukia kwa miguu siku sita kwa wiki, na analipwa kwa kila shimo. Walikuwa wawili, mwenzake akapunguzwa kazini. Tangu hapo, kuna siku neno lake la kwanza linamtoka saa nane mchana.

Linamtoka kwa shangazi yake, mtu pekee aliyebaki kwenye nyumba za wachimbaji kule bondeni. Mgodi ulipofungwa wengine wote walihama, wakiwemo watoto wawili wa shangazi huyo.

"Mama Mashimo, umefika? Wamekwambiaje leo hao wenzio?" shangazi humtania akimmiminia chai.

"Wanakusalimia, shangazi."

"Waambie salamu haziivishi maharage."

Mwezi uliopita, shimo la ishirini na tisa, lililo juu tu ya bonde hilo, lilisoma mara tano ya kawaida. Alipopeleka namba ofisini, mhandisi kijana alicheka. "Mama, hilo umelipumulia."

Hakubisha. Mwaka wake wa kwanza aliwahi kulifanya kosa hilohilo. "Watu walikimbizana na magari, kumbe ni mimi na mafua yangu!"

Angeweza kuifuta namba ile na kuendelea na safari. Lakini hewa ukaa ni nzito, inateremka na kutuama mabondeni kama maji. Na shangazi, kwa sababu ya mgongo, hulala chini, godoro sakafuni.

Basi akafunga mpira kwenye fito ndefu ili asimame mbali zaidi, akarudi asubuhi tatu mfululizo. Namba ikawa ileile. Siku ya nne alimleta mhandisi, akamshikisha fito mwenyewe. Kijana hakucheka tena.

Majaribio yamesimama. Shimo litajazwa saruji. Na mpaka vipimo vitoke safi mwaka mzima, hakuna ruhusa ya kuishi bondeni. Jumamosi hii shangazi anakwenda kwa mwanawe, mbali.

"Kwa hiyo wewe ndiye umeniandikia nihame?" shangazi alimuuliza.

"Ndiyo, shangazi."

Mama mzee alikorogakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka. "Haya. Na wewe chai utainywa kwa nani?"

Alimwongezea chai kikombeni.

Sasa ana mpango. Shimo likishazibwa, ameomba alipime kila asubuhi badala ya mara moja kwa wiki, hata wasipomlipa hizo siku za ziada. Wamekubali.

"Namba zikitoka safi zote, naenda kumchukua mwenyewe, na godoro lake kichwani," anasema, anatabasamu kidogo. Kisha anaviringisha mpira taratibu, mpaka mwisho.

"Ikitoka chafu hata moja, nitaiandika pia. Hiyo ndiyo naiogopa."