Fundi Vioo na Sanduku la Kadi Mpya

Fundi vioo alikuwa mtu wa kujibu kabla hujamaliza kuuliza. Lakini Jumamosi ile, mkewe alipomwuliza mara ya tatu, "Tulichukue au tusilichukue?" alikohoa, akageukia mlango wa duka, akasema siku hizi bei zimepanda.

"Bei nimekuuliza?" mkewe akasema. "Hela ni zangu, za cherehani yangu. Nakuuliza, unalipenda?"

Walilokuwa wakilijadili ni sanduku la mbao, toleo la kifahari la mchezo wa kadi ambao wawili hao waliucheza kila Jumapili kwa miaka tisa, tangu binti yao alipoolewa mbali akawaachia kadi zake. Si karata za kawaida. Kila mchezaji huanza na kadi kumi hoehae, kisha kila zamu hutumia alizo nazo kununua nyingine bora zilizo mezani, na fungu lake linapata nguvu kidogo kidogo. Fundi alikuwa hodari kwelikweli. Mkewe humtania kwamba angejenga nyumba kama anavyojenga fungu la kadi, wangekuwa wamehama zamani kwenye vile vyumba viwili.

Asichokijua mama wa watu ni kwamba tangu mwaka jana mumewe hazioni kadi hizo. Ukungu ulianza katikati ya macho, ukatanda. Kilichomwokoa ni uchakavu. Kadi ya Mnara imechanika pembeni, Mhunzi ana gundi mgongoni, Soko lilimwagikiwa chai likabaki na vipele. Alizisoma kwa vidole huku akijifanya anatafakari, na vidole vilivyoshika vioo miaka thelathini havikumwangusha.

Angesema siku nyingi, kama si habari ya seremala. Huyu ni rafiki yake wa tangu ujana, na kazi zao zilikwenda pamoja: mmoja fremu, mwingine vioo. Miezi miwili nyuma seremala alimwandikia vipimo vya madirisha ya zahanati. Penye nane fundi akasoma tatu, na vioo ishirini vikatoka vifupi. Mbele ya mkandarasi akaapa kwamba vipimo ndivyo vilivyoandikwa vibaya, na kwamba karatasi imepotea. Karatasi alikuwa ameichoma. Seremala akafukuzwa papo hapo. Kwa hiyo kusema "sioni" kulikuwa sawa na kusema nani aliyeharibu kazi ile, na kila alipotaka kufungua mdomo aliikumbuka sura ya mwenzake akikusanya vifaa vyake, akaufunga.

Dada muuzaji akafungua sanduku la maonyesho. "Jaribuni raundi moja, baba. Hizi hazichakai hata miaka ishirini."

Wakaketi. Fundi akapewa kadi tano. Zilikuwa nene, nzuri, na laini zote sawasawa. Akapitisha kidole gumba pembeni, akapitisha mgongoni, hakupata kitu. Mkewe alikuwa akimngoja.

Angeweza kusema amechoka. Angeweza kusema kadi zao kuukuu zina baraka zake, mkewe angecheka, wangerudi nyumbani, na Jumapili wangecheza kama kawaida. Na seremala angebaki na kosa lisilo lake. Fundi alijichukia kwa jinsi uongo huo ulivyomjia haraka, umeshapangika tayari mdomoni.

Akazilaza kadi zote mezani. "Sizioni, mke wangu."

"Si uvae miwani."

"Hata kwa miwani. Zile zetu nazijua kwa kuzishika tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Mkewe akazitazama kadi, kisha macho yake, na fundi akajua anaunganisha mambo kichwani. Hakuwa mwanamke wa kuelezwa mambo mara mbili.

"Na vioo vya zahanati?"

"Ni mimi. Karatasi ya vipimo niliichoma."

Mkewe akalia palepale dukani, bila kujificha, na hasira ilikuwa nyingi kuliko huruma. Kisha akajifuta uso, akamrudishia dada muuzaji kadi zake, akamshukuru na kusema hawachukui. Akachukua simu ya mumewe, akapiga namba ya seremala, akamrudishia mkononi.

"Mwambie mwenyewe. Mimi sikusemei."

Seremala alipokea upesi. "Kaka! Umenitupa kabisa! Mzima wewe?"

Fundi akamweleza yote bila kuzunguka: macho, nane na tatu, karatasi na moto.

"Kwa hiyo nilipima sawa," seremala akasema.

"Ulipima sawa."

"Mimi nilidhani mkono umezeeka. Ulikuwa hujawahi kunidanganya, kaka, nikakuamini wewe kuliko mkono wangu. Randa na misumeno niliviuza mwezi uliopita."