Shibe ya Mwanaisha

Muhogo ukichemka kwa tui jikoni kwangu, harufu yake tamu ikatambaa hadi barazani, wanangu hukimbilia sahani. Mimi hubaki na mwiko mkononi. Harufu ile hunirudisha Kisauni, Mombasa, miaka ya themanini, siku ambazo mdogo wangu Mwanaisha alikuwa mtoto mnene kuliko wote mtaani.

Ndivyo tulivyoamini. Mama alimwachisha ziwa mapema kwa kuwa alishika mimba nyingine, na Bibi, mzazi wake Mama, akachukua kazi ya kumlisha. Alimlisha kwa mapenzi, wallahi. Asubuhi uji wa muhogo, mchana muhogo wa kuchemsha, jioni ugali uliolainishwa kwa chai ya rangi. Tumbo likawa kama ngoma, mashavu yakajaa, na nywele zikageuka, zikawa laini zenye wekundu. Majirani walimpakata wakisema, "Mashallah, kashiba huyu! Na nywele hizi, amemfuata babu yake Mwarabu." Hatukuwa na babu Mwarabu hata mmoja, lakini Bibi hakumsahihisha mtu.

Wala si kwamba nyumba ilikosa kitu. Mama alifuga kuku uani, na mayai yao yakaliwa na wageni wa hoteli za Shanzu. Samaki walikuwepo, maharagwe yalikuwepo. Ila Bibi alikuwa na kauli zake, nazo zilikuwa sheria. "Mwana mla mayai huwa mwivi." Samaki, alisema, humtia mtoto mchango, yaani minyoo ya tumbo, na maharagwe yangempasua tumbo. Mimi nilipewa vyote, labda kwa kuwa nilikwisha kupita umri wa kuharibika.

Mwanaisha hakusumbua mtu. Alikaa pale ulipomweka. Hakucheza, hakucheka, hakumfukuza hata nzi usoni. Tukamsifu kwa utulivu wake.

Kisha akaanza kuharisha, na miguu ikavimba hata viatu vyake vya sikukuu ya Idi vikakataa kuingia. Mama akambeba kwenda zahanati, mimi nikiwa nyuma yake, na Bibi akinung'unika njia nzima kwamba hili ni jicho la watu, dawa yake ni kuombewa, si sindano.

Muuguzi, mama mmoja wa bara, alibonyeza mguu wa Mwanaisha kwa kidole gumba, kisha akakiondoa. Shimo likabaki. Nililitazama nikingoja lijae. Halikujaa. Nikalishika buibui la Mama.

"Mama, mtoto huyu ana njaa," alisema.

Mama alicheka, kicheko cha mtu aliyetukanwa. "Njaa? Huyu? Hula mpaka akalala na tonge mdomoni!"

"Hula nini?"

Bibi akataja. Kila alichotaja kilikuwa muhogo, au nduguye muhogo.

"Hiyo inajaza tumbo, nyanya, lakini haijengi mwili. Huu ni unyafuzi. Msipompeleka hospitali leo, atakufa."

Nilishtuka kama niliyemwagiwa maji. Vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili: maneno hayo tulikuwa tukiyaimba darasani, mwalimu akigonga meza kwa fimbo. Nilidhani ni wimbo tu wa shule. Sikujua kwamba mtu aweza kufa kwa kukosa ubeti mmoja.

Alilazwa siku ileile, Mama akabaki naye wodini. Siku Bibi aliponichukua kwenda kuwaona, tulipita kitanda chao bila kukijua. Mama ndiye aliyetuita. Miguuni pake alilala mtoto mdogo wa mifupa mitupu, macho makubwa, ngozi imemlegea mapajani kama kanzu ya kuazima.

Bibi alipiga ukelele. "Wamemfanya nini mjukuu wangu? Yuko wapi Mwanaisha?"

"Unene ule ulikuwa maji, Mama," Mama alijibu. Sauti yake ilikuwa imechoka, haina ugomvi. "Maji yametoka. Huyu ndiye Mwanaisha."

Bibi akaketi sakafuni, buibui lake likamwangukia mabegani. Akaanza kutaja majina polepole. "Athumani. Zuhura. Kibibi wangu." Nikaogopa kuliko nilivyoogopa shimo la mguuni, maana nyumbani kwetu hapakuwa na mtu mwenye jina hata moja kati ya hayo. Nikadhani akili imemruka.

Mwanaisha alipona. Alirudi na sauti kali na tabia ya kunipokonya vitu mkononi, na Bibi mwenyewe akawa anamchemshia mayai, anampondapondea samaki, bila kumweleza mtu lolote. Hatukumwuliza. Leo Mwanaisha ni mrefu kunishinda, ana watoto wake.

Bibi alikwisha kufariki nilipopata ujasiri wa kumwuliza Mama juu ya majina yale.

"Ni ndugu zangu," Mama alisema. "Walikufa wadogo kabla sijazaliwa. Watu walisema ni jicho, kwa vile walivyokuwa wanono, wameshiba muhogo. Bibi yako alikuwa akiwasifia: watoto watulivu, wanono, hawalii."

Ndipo nilipofahamu kwamba siku ile, pale sakafuni, Bibi hakuwa akimlilia Mwanaisha. Mwanaisha alikuwa hai.