Barua ya Maneno Magumu

Leo nimenunua karanga zilizofungwa kwa ukurasa wa kamusi ya Kiingereza. Karatasi inanuka mafuta ya taa, kama ile kamusi ya baba isiyo na jalada.

Baba alikuwa kibarua kwenye godauni la tumbaku. Walipompunguza kazini, aliamini barua yenye Kiingereza kigumu ndiyo itakayomrudisha. Alichagua maneno ambayo kamusi ilisema hayatumiki tena. Aliona watu wa kawaida ndio wasioyatumia, na kwamba wakubwa ndio walioachiwa maneno hayo. Aliomba kurudi "overmorrow", yaani keshokutwa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kwa hiyo niliandika mimi.

Tulipoipeleka godauni, meneja aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Alicheka mpaka akavua miwani, akawaita wenzake ofisini akawasomea kwa sauti, nao wakacheka. Kisha akaikunja na kuitia mfukoni.

"Hii nabaki nayo, mzee."

Tukirudi nyumbani Mwembesongo, baba alitembea haraka, shati lake la Idi limelowa jasho mgongoni.

"Umeona alivyofurahi?" akaniuliza. "Wameisoma wote, mwanangu. Keshokutwa wananiita."

Nilikuwa darasa la saba, na niliyasikia waliyokuwa wakiyasema huku wanacheka.

"Ndiyo, baba," nikamjibu.

Keshokutwa ilipofika, alinipa lile shati nilipige pasi, akavaa, akakaa barazani. Kesho yake akanipa tena. Mvua zikaanza, milima ya Uluguru ikapotea mawinguni, na mimi kila asubuhi nilitia mkaa kwenye pasi.