Kibao Shingoni mwa Kardinali

Mwaka ule king'ora cha kiwanda cha nguo kiliponyamaza, sauti iliyobaki nyumbani kwetu Nyakato ilikuwa ya kisu kikikwaruza ubao. Kwaru, kwaru, kwaru, tangu chai ya asubuhi mpaka jua lilipopanda juu ya mawe ya kilima kilicho nyuma ya nyumba. Baba alikuwa amepunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, kiwanda kikisubiri mwekezaji ambaye kila mtu alimtaja na hakuna aliyewahi kumwona. Wanaume wa mtaa wetu, waliozoea kuamshwa na king'ora na kurudishwa nacho nyumbani, sasa waliota jua vizingitini kama watu waliosahau walikuwa wanakwenda wapi. Uani mama alikaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kufungwa kwenye barafu na kupandishwa ndege kwenda Ulaya, na harufu yake iliingia kwenye nywele zangu, kwenye madaftari, mpaka kwenye gauni la kanisani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mama alipenda kusema, lakini baba hakutafuta koleo jingine. Alikaa kwenye kigoda akichonga kipande cha mninga kisichozidi kiganja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wao wa pekee niliyezaliwa wakiwa wamekwisha kukata tamaa, na nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Nikamwuliza anachonga nini. Akasema, "Zawadi ya Kardinali."

Kardinali Anselmi Lukanda alikuwa amevishwa kofia nyekundu huko Roma miezi michache kabla, na sasa alikuwa anakuja kuadhimisha misa ya shukrani katika parokia aliyobatiziwa, ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Katekista wa kigango chetu, Mzee Zakaria, ambaye ulimi wake haukuwahi kupatana na herufi r, alisimama mbele ya waumini akatangaza kwa fahari kwamba Kaldinali wetu ni mmoja wa wazee wachache duniani ambao Papa akifa hufungiwa ndani mpaka wamalize kula, na wasipokula vizuri Kanisa halipati Papa. Vyama vingi ndiyo kwanza vilikuwa vimeingia, na neno kura lilikuwa kila mahali, hata kwenye kuta za vyoo. Lakini mimi niliona kabisa meza ndefu, wazee wenye kofia nyekundu, na sangara mzima katikati. Nilipomwuliza baba wazee hao wanakula nini, alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akanieleza. Baba alijua maisha ya Kardinali kama vijana wa mtaani walivyojua maisha ya wacheza mpira. Alijua kwamba alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka akapitwa na umri wa kuanza shule, kwamba mvua ilinyesha siku ya upadrisho wake na watu wakasema ni baraka, kwamba alipelekwa Roma kusoma sheria za Kanisa akarudi na miwani, akafundisha mapadre, akapewa uaskofu wa jimbo la mbali kusini ambako alitembelea vigango kwa pikipiki, akapanda tena, na tena. Vipande vya magazeti vyenye picha zake vilikuwa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Nilidhani baba anampenda sana.

Aliyenitoa ujinga huo ni mama. Siku moja nilipokuwa namsaidia kugeuza mapanki juani, aliniambia kwamba Kardinali ni mtoto wa shangazi yake baba, kwamba walikua pamoja, na kwamba walikwenda pamoja seminari ndogo. Huko ilikuwa marufuku kuzungumza lugha ya nyumbani. Mvulana wa kwanza kuteleza alivishwa shingoni kibao cha mbao chenye kamba ya katani, naye akatembea nacho akiwinda mwenzake atakayeteleza, ili amvishe. Aliyekutwa nacho kengele ya jioni ikilia alipiga magoti mbele ya wote wakati wenzake wakila. Aliyekutwa nacho mara tatu katika muhula mmoja alifungashiwa virago. Baba alikuwa amekwisha kukutwa nacho mara mbili, na Anselmi pia mara mbili. Jioni moja shambani, kengele ikikaribia, kibao kilikuwa shingoni mwa Anselmi. Akamsogelea baba, akamwambia kwa Kisukuma, "Ugali wa mama yako ukikauka unatosha kujengea mnara wa kanisa." Sasa, kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako. Mtani akikutupia neno, hunyamazi; kunyamaza ni kumwambia kwamba ameacha kuwa mtu wako. Ulimi hauna mfupa. Baba akajibu hapo hapo, kwa Kisukuma, "Na wewe ungeula mnara wote, na kengele yake!" Wavulana wakacheka mpaka wakaangusha majembe. Anselmi akavua kibao akamvisha baba, na kengele ikalia. Kesho yake baba alikuwa njiani kurudi kijijini na sanduku la bati kichwani. "Anachonga kile kile," mama alisema. "Anataka kumvisha mbele za watu. Anataka ajue kwamba baba yako anajua alitegwa." Nikauliza kama huo si utani tu. Mama akageuza panki. "Utani wenye miaka arobaini ndani yake? Mwenye kovu usidhani kapoa."

Habari kama hiyo haikai ndani ya nyumba. Wiki ya safari Mzee Zakaria alikuja, akakataa kigoda, akasimama na kofia yake mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuniangalia.

"Ndugu Sospita, kamati ya mapokezi imekaa. Utani hakuna. Watakuwepo maaskofu, watakuwepo wakubwa wa selikali."

"Kamati ndiyo iliyomzaa shangazi yangu?" baba aliuliza, akipuliza vumbi la mbao.

"Sitaki mchezo. Mtu akimsogelea Baba Kaldinali, polisi wapo."

"Basi waambie waje na pingu za saizi yangu. Na wewe, Zakaria, siku hiyo usimtangaze. Utasema amekuja kula."

Mzee Zakaria aliondoka bila kuaga. Mama, aliyekuwa amesikia yote, hakumgombeza baba. Angegombeza ingekuwa nafuu. Asubuhi ya safari alinivuta nyuma ya nyumba, akanifunga kitambaa kichwani kwa nguvu kuliko kawaida, akasema yeye haendi, hawezi kutazama. Nishike mkono wa kulia wa baba tangu tunapotoka mpaka tunaporudi, nisiuachie hata akitaka kujikuna. "Wakimkamata pale mbele za watu hatarudi mzima," alisema. "Huo mkono ndio mume wangu. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa.

Niliushika. Niliushika kwenye lori la kwaya mpaka Kigongo, na niliushika kwenye kivuko, tulipobanwa kati ya magunia ya pamba na ng'ombe wawili waliokuwa wakipelekwa kuliwa kwenye sherehe. Ziwa lilikuwa shwari, rangi ya bati. Akina mama waliimba njia nzima. Baba hakuimba. Chini ya shati lake la kitenge niliona kamba ya katani ikichungulia shingoni, nikajua kibao kimelala kifuani pake, na kila kivuko kilipotikisika nilisikia kikigonga kifungo. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu kama wa mtu aliyeshika nyuzi za mashine miaka mingi. Mara moja aliniangalia, akaangalia mikono yetu, akajua nimetumwa.

Misa ilikuwa nje, chini ya maturubai, kwa sababu kanisa halikutosha robo ya watu. Kardinali alikuwa mfupi kuliko picha zake. Alihubiri kwa Kiswahili safi cha kitabuni, polepole, akimshukuru Mungu kwa wazazi wake, kwa walimu wake, kwa ng'ombe waliolipa safari yake ya kwanza. Nilijua baba anasubiri nini: kwa sheria ya kibao, hawezi kumvisha mtu ambaye hajateleza. Kila Kardinali alipofungua mdomo nilihisi vidole vya baba vikikaza, na kila sentensi ilipokwisha kwa Kiswahili vikalegea. Nilianza kusali aendelee hivyo hivyo. Alimaliza mahubiri, akamaliza misa, akatoa baraka, hakuna hata neno moja la nyumbani. Nikaanza kupumua.

Maandamano yalipotoka, yalipita katikati yetu, askari huku na huku. Mbele yetu kidogo alikuwa amekaa bibi kizee mmoja asiyeona, ameletwa kwa baiskeli. Kardinali alipomfikia alisimama, akainama, akamshika mashavu kwa mikono miwili na kumsalimia kwa Kisukuma, Kisukuma cha ndani kabisa, cha wachunga ng'ombe. Watu wakapiga vigelegele. Mkono wa baba ukavuta.

Nimejiuliza sana kuhusu dakika ile. Ningeweza kung'ang'ania, nilikuwa na nguvu, na baba asingenikokota mbele za watu. Nilimkumbuka mama. Lakini nilikuwa mtoto wa kuuliza, na hapo mbele yangu lilikuwa swali kubwa kuliko yote niliyopata kukutana nayo. Nilitaka kujua. Nikauachia.

Baba alipita chini ya mkono wa askari kama kijana. "Mtoto wa shangazi!" alipaza sauti. "Umeteleza kabla ya kengele!" Kibao kilikuwa kimekwisha kutoka, kinaning'inia kwenye kamba. Mzee Zakaria alipiga kelele kwamba akamatwe, askari wawili wakamdaka mabega, na umati wote ukafanya ile sauti ya watu wengi wanaovuta pumzi pamoja. Kardinali aligeuka. Aliangalia kibao kwanza, ndipo akaangalia uso. "Mwacheni," alisema. "Huyo ni mtani wangu. Mtani hakamatwi." Akavua kofia yake nyekundu, akampa padre aliyekuwa pembeni, akainamisha kichwa. Baba akamvisha. Kibao kilikaa juu ya msalaba wa dhahabu, kikagongana nao. Watu, ambao hawakujua lolote, walicheka kwa furaha hadi machozi. Walikuwa wameona mkubwa wa Kanisa akitaniwa kama mtu yeyote, na waliipenda sana siku hiyo. Mimi nilikuwa nimepenya mpaka kwenye kiwiko cha baba. Kabla hajainuka, Kardinali alisema kwa sauti ndogo, kwa Kisukuma, na nilisikia kila neno: "Nilijua utajibu."

Hakuna zaidi. Kisha akainuka, akageukia umati huku akitabasamu, akasema kwa nguvu, "Haya, Sospita! Hiki kibao kigumu, umekichonga kwa ugali wa mama yako?" Kicheko kikalipuka. Halafu kikatulia, kwa kuwa sasa ilikuwa zamu ya baba. "Jibu, mzee!" watu walipiga kelele. "Mpe! Mpe lake!" Askari mwenyewe alikuwa amemwachia bega, anasubiri kwa hamu. Baba alimtazama mtoto wa shangazi yake. Nilimjua baba, jibu lilikuwa pale mdomoni, niliona shavu lake likicheza. Akanyamaza. Kimya kile kiliendelea mpaka vicheko vya pembeni vikaanza kuona aibu, mpaka tabasamu la Kardinali likabaki usoni peke yake, halina mtu wa kulipokea. Asiyejibiwa hubaki na kibao, ndiyo sheria. Baba alinishika mkono, safari hii yeye ndiye aliyeshika, tukatoka katikati ya watu, tukarudi kivukoni bila kula ng'ombe.

Mama alipomwona anaingia mzima alikaa chini akalia, na nilipomweleza kwamba nilimwachia mkono hakunipiga, ila hakuniagiza tena jambo la maana kwa muda mrefu. Baba alipata kazi ya kulinda ghala. Kopo la biskuti lilibaki chini ya kitanda, lakini sikumwona tena akilijaza. Mimi niliacha shule kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza, niliondoka mwenyewe, kwa kuwa maswali niliyoyataka hayakuwa kwenye ubao. Nimepika kwenye machimbo ya Geita, nimeuza vitenge Bukoba, nimekaa Kigoma, Kahama, Musoma, na mara mbili nimefukuzwa kazi kwa kujibu. Sijapata kuweza alichokiweza baba. Siku hizi ng'ambo ile inavukwa kwa daraja kabla hujamaliza kutafuna karanga, na watu wanatupiana maneno makali kwenye simu na watu wasiowajua, kisha wanaandika kwamba walikuwa wanatania tu. Zamani ulilazimika kumjua shangazi wa mtu kabla ya kumtukana.

Kardinali alipofariki nilikuwa nimepita Nyakato kuwaona wazee. Redio ilisoma maisha yake yote, jimbo kwa jimbo. Baba alisikiliza amefumba macho. Nilimwuliza nililotaka kumwuliza tangu utotoni: siku ile, jibu alikuwa nalo au hakuwa nalo?

"Nilikuwa nalo. Zuri sana. Wangelisimulia mpaka leo."

"Sasa kwa nini, baba?"

"Alipoinama niliona shingo yake. Hapa nyuma, kola ilikuwa imechimba, imeweka alama nyeusi kama ya ng'ombe wa plau. Ng'ombe wa namna ile huna la kumwambia."

Nikamwuliza, basi kwa nini hakumvua kile kibao? Baba alinyoosha mkono wake wa kulia, akaongeza sauti ya redio. Nimezunguka nchi hii nikiuliza watu mambo ambayo hata hayanihusu, na wengi wamenijibu. Swali hilo sikulirudia.