Kitenge cha Kwendea Mahakamani

Kitenge chenyewe kiko sandukuni, chini ya nguo za zamani za watoto wangu. Ni cha kijani, chenye maua ya manjano. Sikivai. Mara mbili nimekitoa nikigawe, mara mbili nimekirudisha. Mume wangu hunicheka, anasema nguo haina kosa. Najua haina. Mwenye kosa ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Rumonge, katika mtaa wetu wa Waswahili. Nilikulia ukimbizini Tanzania, kwa hiyo Kirundi ninacho na Kiswahili ninacho. Ndiyo sababu asistante wa kituo cha wasichana, yule dada anayeshughulikia ustawi wao, alikuja dukani akaniuliza kama ningekubali kuwa msindikizaji. Kituo kinapokea watoto ambao watu wazima wameifanyia miili yao biashara. Kesi zao husikilizwa katika chumba cha watoto mahakamani, mlango umefungwa, na kila mtoto ana ruhusa ya kuingia na mtu mmoja wa kukaa naye. Msindikizaji anakaa karibu, anashika mkono, anatoa maji ya kunywa. Hasemi neno. Kwa mwanamke mwenye mdomo kama wangu, hiyo si kazi ndogo.

Msichana ninayemsimulia aliletwa kutoka Magara. Alitolewa kwenye baa moja ya ufukweni, ambako mwenye baa, mama wa makamo, alimchukua eti aoshe vyombo, kisha akawa anampeleka kwa wanaume waliokuja kununua samaki. Alikuwa na miaka kumi na minne. Leo nasema hivyo bila wasiwasi; wakati ule miaka yake haikuwa na karatasi. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, mama yake akafia hukohuko, na shangazi aliyerudi na kadi ya familia alikuwa Nyanza-Lac, simu yake haipatikani. Asistante alinieleza vizuri: kesi nzima inasimama juu ya umri. Akiwa mtoto, sheria haiulizi kama alikubali. Akihesabiwa mtu mzima, mwenye baa atasema huyu alikuwa mfanyakazi wake aliyeipenda kazi yake, na atarudi nyumbani kwake.

Nilielewa. Naapa nilielewa. Lakini asubuhi ya kesi msichana alinijia dukani na sketi iliyopauka na fulana yenye tundu, na moyo ukaniuma. Kwetu mtu haendi mbele ya wakubwa hivyo. Watasema hana watu, na asiye na watu huonewa. Nikamwambia, "Ngoja, mwanangu." Nikamvalisha blauzi niliyokuwa nimemshonea mteja. Nikamfunga kitenge changu kiunoni, na kipande cha pili nikakipitisha kifuani, fundo juu ya bega, kama wanawake wa hapa wanavyofunga wakienda mahali pa heshima. Nikampaka mafuta, nikampiga kilemba. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikamtazama kama ninavyotazama kazi iliyokwisha.

"Simama wima," nikamwambia. "Uonekane mtu."

Akasimama. Alipendeza, na mimi nikajisifu moyoni.

Asistante alikuwa ametangulia na mafaili, hakumwona mpaka tulipoingia. Uso wake ulibadilika, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Jaji alikuwa mama mpole, amevuta kiti chake akakaa chini pamoja nasi. Mwenye baa aliwekwa chumba kingine ili asionane na mtoto. Aliyekuwapo ni avoka wake, yaani wakili, kijana mwenye viatu vilivyochongoka. Nilimchukia kabla hajafungua kinywa. Hakupiga kelele, alinyoosha tu mkono kumwelekea msichana na kusema kwa Kirundi, taratibu, kwamba yeye hana maneno mengi. Anaomba tu tumtazame. Mavazi haya, katika nchi yetu, huvaliwa na nani?

Wote walimtazama. Nami nikamtazama, na kwa kitambo kidogo, Mungu anisamehe, nilimwona mwanamke mtu mzima. Mrefu, ameshika fundo begani, macho chini. Hicho ndicho kinachonirudia mpaka leo, hata nikiwa nakata kitambaa, hata nikiwa nasali. Maneno ya avoka nimeshayazoea. Ila mimi nilikuwa nimemkuta jana yake uani mwa kituo akiruka kamba na kugombana kwamba zamu haijaisha, na bado nilimwona vile avoka alivyotaka aonekane.

Nikasahau sheria ya kunyamaza. "Nguo ni zangu!" nilisema kwa sauti. "Ni mimi nimemvalisha!"

Karani akaniamuru nikae. Avoka akatabasamu. "Zimemtosha vizuri, madamu," akasema.

Jaji akaahirisha kesi mpaka umri upatikane kwa karatasi au kwa daktari. Mwenye baa akaachiwa asubiri nyumbani kwake. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa siku ileile, nikiwa bado nimekaa kwenye benchi la mahakama.

Njiani msichana alitangulia hatua kadhaa mbele yangu. Nilidhani nimemwaibisha kwa kelele zangu. Tulipofika dukani alifungua fundo mwenyewe, akakikunja kitenge pembe kwa pembe, akakiweka juu ya cherehani. Ndipo akasema, bila hasira yoyote:

"Mama, na yule wa kule baa alikuwa ananifungaka hivi hivi. Anasema, simama wima, uonekane mukubwa."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Iko sawa, mama," kwa haraka, kama mtu aliyezoea kuwatuliza wakubwa. Nilijifungia chumba cha nyuma nikalia mpaka mteja akagonga.

Asistante alisafiri mwenyewe hadi Nyanza-Lac, akauliza nyumba hadi nyumba mpaka akampata shangazi. Ile kadi ya familia ya kambini ilikuwepo, imefungwa kwenye nailoni, na tarehe ya kuzaliwa ilisomeka. Siku hizo mimi nilikuwa nashona. Nilimshonea gauni la kitoto lenye kola nyeupe na mikono mifupi, nikalifumua mara mbili lilipopinda. Nilifikiri kosa nililolifanya kwa sindano nitalitengeneza kwa sindano.

Siku moja kabla ya kesi kusikilizwa tena asistante alikuja dukani, akakataa chai. Nikajua kuna neno.

"Mutoto ameomba musindikizaji mwingine," alisema. "Ni haki yake, dada. Usikasirike."

Nikasema sijakasirika, na nilikuwa nimekasirika sana, sijui na nani. Nikauliza amemchagua nani. Amemchagua mpishi wa kituo, mama mmoja mnyamavu ambaye hajawahi kuingia mahakamani maishani mwake. Nikamkabidhi asistante lile gauni. Akalipokea kwa adabu, akanishukuru kwa Kirundi, "Murakoze," akaondoka.

Kesho yake sikushona kitu. Alasiri asistante alirudi akitabasamu tangu mlangoni. Chumba cha watoto kimekubali kadi. Mtoto ametambuliwa kuwa mtoto, na mwenye baa amepelekwa gerezani. Niliinua mikono nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. Msichana alikuwa amekula vizuri, asistante akaniambia, na wiki ijayo anaanza shule.

Nikamuuliza kama ameniulizia.

Asistante ni mtu mkweli. Alisema hapana.