Kijiti Namba Mbili: Nobue Kuwabara na Zabuni ya Mfereji

Saa tatu na nusu asubuhi, Nobue Kuwabara ameketi kiti cha nyuma katika chumba cha zabuni, ghorofa ya pili ya ofisi za jiji la Mizunuma. Mikono yake ameibana katikati ya magoti. Mbele, karani anafungua bahasha kwa mkasi mdogo, moja baada ya nyingine, na kusoma bei bila kupandisha wala kushusha sauti.

Bahasha ni tisa. Ya Nobue inasomwa ya sita: yen milioni arobaini na nane, laki mbili na elfu sabini. Kazi ni kubomoa na kujenga upya mfereji wa maji ya mvua, mita mia sita na arobaini, katika mtaa wa Shimomachi, ambako kila Septemba maji huingia hadi chini ya mikeka ya sebuleni.

Nobue ana miaka sitini na mmoja. Kwa miaka ishirini na sita amepiga hesabu za zabuni katika kampuni ya Yoshimine, yenye watu saba, makatapila mawili na lori moja. Analipwa yen 218,000 kwa mwezi. Hajawahi kushika sururu, lakini wote pale wanakula kutokana na tarakimu anazoandika.

Tangu Aprili, tarakimu hizo zimekataliwa mara tisa mfululizo.

"Mara ya mwisho bei yetu ilikuwa ya chini kuliko zote," anasema. "Ndiyo maana tulikosa."

Jiji huweka bei ya siri ambayo mkandarasi hatakiwi kushuka chini yake, asije akashinda kwa bei ya kutupa kisha akapunja saruji. Ukishuka hata kwa yen moja, unatolewa. Nobue alishuka kwa elfu moja. Kanuni ya kukokotoa gharama za usimamizi ilikuwa imebadilika, naye akatumia jedwali la mwaka uliopita.

Bosi wake, mzee Katsuji Yoshimine, hakumgombeza. Kesho yake Nobue alikuta jedwali jipya mezani, limechapwa kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yake. Anasema wema ule ulimuuma kuliko matusi.

Safari hii mzee amewaeleza wazi: wakikosa mfereji, huenda akalazimika kupunguza watu wawili kabla ya kiangazi kwisha. Tetsuo Hirose, dereva wa katapila mwenye miaka sitini na minne, alimfuata Nobue stoo akiwa na vikombe viwili vya chai ya shayiri.

"Dada Nobue, orodha ikiandikwa, nianze mimi. Hawa wengine wana watoto shuleni."

"Hebu nyamaza. Majira ya baridi, theluji ya mji huu ataiondoa nani kwa katapila? Mimi?"

"Wewe utalizika lori."

Walicheka, kisha wakanywa chai bila kutazamana.

Karani amemaliza kusoma. Zabuni mbili ziko chini ya bei ya siri, zimetolewa. Tatu ziko juu. Nne zinalingana nayo hadi yen ya mwisho, na ya Nobue ni mojawapo. Chumbani hakuna anayeshangaa; wanaokokotoa kwa kanuni moja hufika mahali pamoja. Panapigwa kura. Kopo lenye vijiti vinne linapitishwa, kwanza kupanga nani atangulie kuchomoa, kisha kura yenyewe. Nobue anachomoa namba mbili.

Namba moja inamwangukia Haruki Tamaki, kijana wa miaka thelathini na minne aliyepokea kampuni kutoka kwa baba yake mwaka juzi. Anamwinamia kila mtu, karani mara mbili.

Namba mbili nayo si bure. Aliyeshinda kura hupewa siku mbili kuleta karatasi zake, likiwamo jina la mhandisi atakayesimamia kazi hiyo peke yake, bila kuwa na nyingine. Zikiwa na kasoro, kazi inahamia kwa namba mbili.

Nje ya chumba, Tamaki anawaambia wenzake kwamba baba yake mwenyewe ndiye atasimamia. Jina ameshalijaza. Akitoka kula atalipeleka.

Nobue anasikia. Kila asubuhi akienda kazini hupita kwenye daraja linalojengwa Kitagawa, na kwenye uzio kuna ubao wa kazi, kama sheria inavyotaka. Mhandisi: Shigeo Tamaki. Hadi tarehe 31 Julai. Mfereji unaanza tarehe kumi Juni.

Karani akiligundua hilo, Tamaki atatolewa, na huenda akafungiwa zabuni kwa miezi mitatu. Nobue alichotakiwa kufanya ni kurudi dawatini na kungoja simu.

Alikwenda garini akala nusu ya tonge kubwa la wali alilofungasha.

"Nilihesabu watu wetu, saba," anasimulia. "Kisha nikajikuta nahesabu wa kwake. Kumi na mmoja. Sikutaka kuwahesabu, lakini ndiyo kazi yangu."

Alimkuta Tamaki kwenye ngazi, akipanda na karatasi zake.

"We kijana, baba yako yuko darajani hadi lini?"

"Wiki ijayo anamaliza, Mama Kuwabara."

"Ubao unasema Julai."

"Ule ubao ulichapwa zamani."

"Sasa karani atasoma ubao, au atakusoma wewe usoni?"

Tamaki alizikunja karatasi. Aliuliza kwa nini anamwambia, ilhali yeye ndiye namba mbili. Nobue alimjibu kwamba siku mbili si nyingi, aharakishe.

"Nisikudanganye," anasema sasa. "Nilipokuwa namwambia, nilikuwa naomba asiwe na mhandisi mwingine."

Alikuwa naye. Dada yake Tamaki ana cheti, na alikuwa nyumbani miaka miwili akilea mtoto. Alikubali kurudi. Ijumaa karatasi zilipita. Simu ya Yoshimine haikulia.

Nobue alimweleza bosi yote, akiwa amesimama. Mzee alivua miwani, akaifuta, akauliza ni nani aliyemfundisha kusoma mbao za kazi za watu.

"Wewe, Bosi."

"Basi nimejiponza mwenyewe," akasema, akatoka kwenda kuosha lori.

Orodha haijaandikwa. Hirose ameomba likizo bila malipo hadi katikati ya Juni, eti shamba la mpunga la mkewe limejaa magugu. Tarehe 18 kuna zabuni ya ukuta wa kingo za mto, na mzee amesema wakikosa hiyo, hatakuwa na la kufanya.

Nobue ameipigia hesabu mara tatu, na bado anaamka na wasiwasi. Hirose, aliye likizo, huja kila asubuhi na matope ya shamba miguuni, akamsomea tarakimu kwa sauti huku Nobue akizifuata kwa kidole.

Jana walikuta kosa: mita tatu za bomba zimehesabiwa mara mbili. Nobue alichonga penseli na kuandika upya ukurasa mzima.

"Moja limetoka," anasema. "Zimebaki siku sita. Tunaendelea kutafuta."